Mlango wa Nyota wa Ujiji

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu aliingia ziwani na hakurudi. Nikaacha shule darasa la pili, nikaanza kubeba dagaa. Siku moja nilipumzika kwenye baraza la duka moja Ujiji, kikapu changu kikagusa mlango. Ulikuwa mlango wa mninga, umechongwa nyota kubwa katikati. Mwenye duka akatoka, mkewe nyuma yake.

"Ondoa uvundo wako hapo, wewe Muha wa dagaa!"

Nikajitwika kikapu changu. Nilisema moyoni, mlango huu nitaununua. Useremala nilijifunza kwa kuziba mitumbwi ya watu, wala hakuna aliyenishika mkono. Mwaka 1996, nilipotaka kufungua duka langu mwenyewe Ilagala, sikutaka mlango mwingine.

Alfajiri niliondoka Ilagala kwa boti, na msumeno, patasi na nyundo ndani ya gunia. Ziwa lilikuwa limetulia. Njiani tuliipita mitumbwi ya watu waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa. Walikuwa wamesimama wima, wamebanana kama kuni zilizofungwa. Nahodha wetu akawapungia mkono. Hakuna aliyepunga.

Kibirizi, ufukwe wa Kigoma mjini, tulishuka saa nne. Dagaa wameanikwa mchangani, na katikati ya dagaa watu wameketi na vifurushi vyao, hawajui waende wapi. Wachukuzi walipiga kelele kama kawaida yao. Nikapata lori hadi Ujiji.

Mtaa wa maduka ya zamani wa Ujiji ninyi vijana hamkuuona ulivyokuwa. Nyumba zimeshikana bega kwa bega, kuta za udongo zimepakwa chokaa, bati limeletwa mbele juu ya nguzo, na chini yake baraza moja refu toka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Kila duka lina mlango, na pembeni ya mlango mbao za kuchomeka ndizo dirisha la biashara. Kila ubao una alama za patasi, wa kwanza alama moja, wa tisa alama tisa, ili mtu asikosee kupanga. Lakini biashara ilikwisha kuhamia Kigoma mjini, na maduka yote yalifungwa. Barazani walijaa wakimbizi. Mtu akikaa barazani hutazama njia. Wale walitazama milango. Mtaa mzima, na husikii hata mtoto akilia.

Mwenye duka alikwisha kufa. Nilimkuta mjane wake, Bi. Zaituni, uani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe si yule mtoto wa dagaa?"

"Ndiye. Nimekuja kununua mlango."

Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Uchukue. Na mbao zake. Ila marehemu alikuwa na ada yake: akitoka kuswali adhuhuri, kabla ya kufungua, hugonga mara tatu kwa ndani, waliolala barazani wapate kuamka. Hiyo siwezi kukuuzia. Bado anagonga."

Nikadhani uzee.

Nilipotoka na patasi, mwanamke mmoja akainuka mkekani. Jina lake Mama Furaha, ametoka ng'ambo.

"Papa, usitoshe ule mlango," akasema, yaani nisiung'oe. "Tulipotezana na bwana yangu kule. Aliniambia, ukifika Ujiji, ungojee ku mlango ya nyota. Ukiutosha, atanionea wapi?"

"Atauliza watu, mama."

"Watu gani? Sisi sote hapa ni wa kuuliza."

Nikajifanya sikusikia. Nilikuwa nimeungoja mlango ule kuliko yeye. Nikachomoa ubao wa kwanza. Hapo hapo ukuta ukalia, na boriti ya juu ikashuka upana wa kidole. Kosa langu: ukuta wa udongo ukizeeka hukaa juu ya mbao zake, na mimi, fundi mzima, sikuegemeza kwanza. Nikajaribu kuurudisha ubao. Haukuingia.

Adhana ya adhuhuri ikaita, wenye mtaa wakaenda kuswali, na waliobaki barazani wakalala. Kisha ndani ya duka, kwenye mlango, ikagongwa. Mara tatu, bila haraka. Watu wote barazani wakaamka na kukunja mikeka yao, kama walivyozoea. Mimi nikachungulia pale nilipochomoa ubao. Vumbi sakafuni lilikuwa limelala sawasawa, halina unyayo.

Niliogopa. Sifichi.

Sikuondoka, maana duka likianguka, mume wa yule mama angekuta kifusi. Siku tatu niliegemeza ukuta kwa mihimili, nikapachika ubao mpya pale pengo lilipokuwa. Mlango wenyewe sikuugusa. Nilirudi Ilagala na ule ubao mmoja tu, na Bi. Zaituni akanisindikiza kwa kicheko.

Masika nilikwenda tena kutazama mihimili yangu. Mkeka wa Mama Furaha ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa mlangoni.

"Juzi iligongwa kwa nje," Bi. Zaituni akaniambia, safari hii hacheki. "Mama Furaha akasema, 'Ni yeye.' Nilipofika mlangoni, yule mama hakuwapo tena."

"Ulimwona mwanamume?"

"Niliona maji tu barazani, kama ya mtu aliyetoka ziwani na nguo zake."

Nilipita Kibirizi kuuliza. Wakaniambia juzi ziwa lilichafuka, hakuna chombo kilichotia nanga.

Nilijifunza kuegemeza ukuta kabla ya kuchomoa ubao. Nilijifunza pia kutomfukuza mtu barazani.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma. Nina duka, na mlango wake nimeuchonga mwenyewe, hauna nyota. Nina mitumbwi miwili, shamba la michikichi, misumeno mitatu. Na nina ubao mmoja wa Ujiji wenye alama moja ya patasi, umeegemea ukuta dukani kwa ndani. Wasafiri wanaolala barazani kwangu mchana siwaamshi. Ikipita adhuhuri, huamka wenyewe, wakakunja mikeka, wakaniuliza mbona nimegonga kisha sifungui.