Kobe na Betri Namba Tatu

Historia ya usafiri wa binadamu itagawanywa sehemu mbili: kabla ya Kobe na baada ya Kobe. Mwandishi wa makala haya anatamka hayo kwa uzito wote unaostahili. Kwa bahati mbaya, asubuhi hii Kobe amevuliwa kiti, na mwanamke mmoja ameliinamia tumbo lake akisema, "Namba tatu, unaniaibisha."

Kobe ni kigari cha umeme cha shule yetu ya bweni. Hubeba masufuria ya chakula kutoka jikoni hadi mabwenini, na akipatikana mgonjwa humpandisha kilima hadi zahanati. Mwendo wake ni wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Anayemtunza tunamwita Mama Matone, kwa jinsi anavyozinywesha betri maji yake: tone, anachungulia, tone, anachungulia. Kwa miaka kumi na moja aliyaosha masufuria hayo hayo na kuyabeba kichwani, mpaka mgongo ukagoma. Kobe alipoletwa, akaomba afundishwe kumtunza.

"Wenzangu walicheka," anasema. "Eti mama wa masufuria na umeme, wapi na wapi! Nikawaambia sufuria na betri ni ndugu. Ukizilaza chafu, asubuhi mnagombana."

Mpishi mkuu anachungulia mlangoni.

"Mama Matone, mgonjwa kaamkaje? Kanywa uji?"

"Kanywa. Wewe ndiye hujanawa uso."

Anasugua vichwa vya betri kwa brashi na maji ya magadi mpaka ule unga wa kijani uishe, kisha anavikausha na kuvipaka grisi. Betri ni nne, zimeungwa kama watu walioshikana mikono. Akichoka mmoja, msafara mzima unasimama.

Aproni yake imejaa matundu madogo.

"Tindikali haina adabu," anaeleza. "Ikikurukia leo, huoni kitu. Ukishafua nguo ndipo unakuta tundu."

Jumatatu Kobe alikwama katikati ya kilima akiwa amembeba msichana mwenye homa. Wenzake wanne walisukuma. Mkuu wa shule akatoa hukumu palepale: betri zimekufa kwa kutunzwa vibaya, Kobe atauzwa kama chuma chakavu siku ya kufunga shule, na Mama Matone atarudi kwenye masufuria. Betri mpya nne ni mshahara wake wa miezi saba. Hakuna wa kuzinunua.

"Masufuria si aibu," anasema. "Lakini mgongo huu, mwanangu, hautamaliza muhula. Na sikuziua mimi. Ningeziua, ningesema."

Anachukua kipimo chake, bomba la kioo lenye kijiti kinachoelea ndani, na kuvuta maji kidogo kutoka kila betri. Ya kwanza, kijiti kinapanda. Ya pili na ya nne vilevile. Ya tatu, kinazama kama jiwe.

"Zilinunuliwa siku moja, zinachajiwa pamoja, zinafanya kazi moja. Kwa nini hii peke yake iwe na njaa? Kuna mtu anainyonya."

Mwandishi anauliza, kwa sauti ya kitaalamu, ni nani awezaye kutenda unyama huo.

"Wewe unadhani nani?"

"Panya, Mama?"

"Panya," anakubali. "Panya wenye simu."

Mwandishi anainama na kuandika kwa bidii isiyo ya kawaida. Mama Matone anautazama mkono wa shati lake.

"Na matundu hayo?"

"Nondo, Mama."

Ananyanyua pindo la aproni na kulilaza kando ya mkono ule. Matundu yanafanana kama mapacha.

"Nondo huyo kasoma fizikia!" anapiga kelele mpishi.

Mama Matone hacheki. Anaifungua namba tatu, anaiweka juu ya ubao na kuiunga kwenye chaja ndogo aliyoazima kwa fundi pikipiki.

"Haijafa. Ikishiba taratibu, Ijumaa Kobe atapanda kilima. Shule ikifungwa nitazijaza zote, nifungue nyaya, nizilaze pakavu, na kila mwezi nije kuziongezea. Betri ikilala na njaa, haiamki. Muhula ujao nataka kumwombea Kobe mwenzake, wa kubeba kuni. Ila kwanza niwe bado na kazi hii."

"Utamwambia Mkuu kuhusu panya?"

"Nimwambie mimi? Atasema najitetea. Wewe andika makala yako. Nataka nione utayamalizaje."

Gazeti letu la ukutani husomwa na Mkuu kabla ya kubandikwa. Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, shikamoo. Mwandishi wa makala haya ni mimi, na panya pia ni mimi. Kila jioni, Mama Matone akishaondoka, niliiunga namba tatu kwa nyaya mbili na chaja ya simu ya kwenye gari, nikachaji simu za bweni zima na spika ya Jumamosi. Sikuichagua kwa utaalamu wowote. Ndipo mkono wangu ulipofika. Nyaya ziko chini ya godoro langu. Shati nimelivaa. Simu za wenzangu ziko wapi, hilo nimelisahau kabisa.

Adhabu nitaipokea. Ninaomba kitu kimoja tu: Ijumaa Kobe aruhusiwe kujaribu kile kilima. Nitakuwa nyuma yake. Akikwama, nasukuma peke yangu.