Mtoto wa Delta na Jaketi la Kujiokolea

Nimechoka kuulizwa kila kibanda cha chai hapa Bungu, kwa hiyo naeleza mwenyewe.

Nimetangatanga mikoani miaka ishirini, na kote nilikopita nilijisifu kuwa mimi mtoto wa delta. Juzi wauza korosho wenzangu wanne walipotaka kwenda kuvua, wakanifanya kiongozi. Mashuani nikawavalisha wote majaketi ya kujiokolea, kisha nikaanza hadithi za utotoni, za mikoko na kaa wakubwa kama sinia. Nahodha Shamte, niliyesoma naye madrasa, alikuwa akitueleza jambo kuhusu maji kupwa. Sikumsikiliza. Mtoto wa delta aelezwe nini?

Adhuhuri chombo kikagusa kitu chini, kikainama upande.

"Tunazama!" nikapiga kelele. "Rukeni!"

Niliruka peke yangu. Nikalala chali juu ya maji ya tope, macho nimefumba, jaketi limenikaba shingo, nikitoa shahada kwa sauti. Nikawaaga wanangu mmoja mmoja kwa majina.

Nilisikia kisu kikikata vitunguu.

"Ndugu yangu," Shamte akaniita kutoka mashuani, "si nimesema tunakikalisha chombo kwenye tope, tupike mpaka maji yajae? Babako alitufundisha sote wawili. Hata hili umelisahau?"

"Nitupie kamba, Shamte! Nakufa!"

"Simama kwanza."

Nikasimama. Maji yakanifika magotini.