Hooyo na Shuka la Sinema

Ilikuwa saa moja kasorobo jioni upepo ulipoangusha shuka la sinema. Hata leo nikinusa dizeli, naliona likiburuzika mchangani.

Gari la sinema lilikuwa limefika kwetu mara ya kwanza, na dereva alisema shuka lisiposimama ataondoka. Wanaume walisimamisha miti mara mbili, ikaanguka. Hooyo, mama yangu, akaja na kamba alizosuka mwenyewe.

“Dada, hii ni kazi ya wanaume,” kaka yake alisema.

“Walaal, ndugu yangu, nyumba unamolala ilisimamishwa na nani?”

Kwetu sisi wafugaji wa kuhamahama, wanawake ndio hujenga nyumba, na ndio huibomoa siku ya kuhama. Hooyo aliipinda miti kama ya nyumba, akaifunga, akakaza. Shuka likatulia.

Katuni ikaanza. Binti mfalme alikuwa amefungiwa mnarani, analia, anamngoja mwanamume mwenye farasi.

“Maskini,” Hooyo alisema kwa sauti. “Hana mama wa kumfundisha kubomoa nyumba?”

Wanawake waliangua kicheko, kisha wanaume pia. Nikasogea nikamwegemea, ili kila mtu aone mimi ni binti wa nani.