Mvua juu ya Mabati ya Kanisa

Jumapili iliyopita niliingia tena katika kanisa letu la zamani hapa Bunia, nikasimama mlangoni kama mtu aliyeamka ndani ya ndoto. Ungekuwa nami ungeona: nguzo nene za matofali mekundu, matao yanayofuatana hadi altareni, vioo vidogo vinavyomwaga buluu na njano sakafuni. Harufu ni ile ile, ya nta, popo na vitenge vilivyokaa sandukuni.

Nilipokuwa mtoto, hakukuwa na dari. Ukiinua macho uliona mbao nyeusi, kisha mabati. Mvua kubwa ikipiga, padri alifunga kitabu na kukaa. Ndipo kanisa zima lilipoanza kusema. Kila mtu alimwambia Mungu shida zake kwa sauti kubwa, maana hata jirani hakuweza kumsikia. Mimi niliegemea nguzo, ubaridi wa tofali shavuni, nikitazama midomo ikicheza upande wa wanawake na upande wa wanaume, nikidhani sote tuko chini ya ziwa.

Mama yangu alikuwa amevuka ziwa kutoka bandari ya Mahagi-Port kwenda ng'ambo kuuza vitenge, habari zake zikakatika. Kwa majirani, bibi alisema binti yake yuko vizuri, anatuma salamu. Nyumbani, kila jioni alimwekea sahani ya ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaifunika, na asubuhi akanipa mimi. Nilinenepa kwa huzuni yake.

Jumapili moja mvua ilikatika ghafla, kama zinavyofanya mvua zetu. Chini ya matao ilibaki sauti moja tu, ya bibi:

"...Murudishe! Hata kama iko na mimba ya bwana wa watu, murudishe tu!"

Padri akakohoa.

"Bwana akusikie, mama."

Na kanisa zima, kwa mazoea, likaitika: "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Nje, bibi alijifunika kitenge usoni. Muuza samaki mmoja wa Tchomia, ambaye nguo zake zilinuka moshi hata Jumapili, alimshika mkono.

"Mama, siye tunavuka ziwa kila wiki, na weye unaambia Mungu peke yake?"

"Nilikuwa na haya."

"Haya ndiyo itamurudisha? Niambie sura yake. Nitauliza ku mitumbwi yote."

Mahindi yalipokauka, mama aliingia uani akiwa na mtoto mgongoni. Bibi hakuuliza neno. Alimpokea mtoto, akamnusa utosini, kisha akaanza kumtukana mama huku akicheka na kulia.

Bibi hayupo tena. Kanisa limewekewa dari nyeupe, nzuri kweli. Jumapili iliyopita mvua ilinyesha, ikapita juu yetu kama mnong'ono, na padri hakunyamaza. Mama alikaa kando yangu, midomo yake ikicheza. Niliinama karibu naye. Mahubiri niliyasikia yote, neno kwa neno. Yeye sikumsikia.