Kulipigia Goti Kopo la Sukari

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hiyo ndiyo namna ya heshima ya kulisema. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anayelima vitunguu Nduruma, ana namna yake: anasema mimi ni mtungi, nikiwekwa pahali nakaa hapo mpaka aje mtu wa kunihamisha. Nafuma masweta ya shule kwa mashine, hapa hapa sebuleni kwangu Kijenge, Arusha, na wateja huja wenyewe. Mlima nauona dirishani siku ukiamua kuonekana, na hiyo kwangu ni safari tosha.

Mtu wa namna hii ndiye Mungu akamchagulia mjukuu Naijeria.

Binti yangu wa pekee aliolewa na kijana wa huko aliyekuja Arusha kikazi. Kijana mzuri. Siku ya kuletwa nyumbani alipewa loshoro, ule uchachu wa maziwa na mahindi na ndizi unaowashinda hata watu wa Dar, akamaliza bakuli bila kukunja uso. Nikasema huyu ni mtu. Wakahamia Lagos. Wote wawili wanatoka kazini giza limeshaingia, kwa hiyo mtoto alipoachishwa ziwa akapelekwa kwa mama wa baba yake, kwenye mji mdogo wa milimani upande wa Ekiti. Sina la kulaumu. Hata huku kwetu nusu ya watoto wanalelewa na bibi zao. Tatizo langu ni kwamba bibi aliyepata kazi hiyo hakuwa mimi.

Huyo mkwe mwenzangu hana Kiingereza, na Kiswahili atakitoa wapi. Ana Kiyoruba, tena si kile cha mjini, ni cha kwao Ekiti, na mtoto akakinyonya hicho hicho. Kila Jumapili baada ya ibada tulipigiana simu ya video. Binti akiwa Lagos, mkwe mwenzangu kule kwake, mimi Kijenge, kila mmoja kwenye kidirisha chake. Namwita mjukuu wangu, namwambia hujambo baba, ananitazama kama mtu anavyotazama televisheni ya lugha asiyoijua, halafu anashuka kwenye kiti anakwenda kufukuza kuku. Kila Jumapili alikaa kidogo kuliko Jumapili iliyopita. Nikaona nikiendelea hivi nitakufa nikiwa picha. Nilitaka anijue kuwa ni mtu, na mtu wake.

"Mwambie mkweo akufundishe," wifi akasema.

"Nikae na mume wa binti yangu, anitamkishe maneno kama mtoto wa chekechea?"

Hilo akaliacha, maana na yeye amelelewa mlimani, anajua mama mkwe na mkwe wanaachiana nafasi. Binti naye nilimwuliza. "Mama, mimi nina Kiyoruba cha sokoni tu," akasema. "Nyumbani tunaongea Kiingereza."

Wifi hakushindwa. "Si kuna yule Mnaijeria anauza nguo mjini? Vaa viatu."

Kwa wifi yangu Naijeria ni kama Nduruma, wote wanajuana. Nikavaa viatu, majirani wakatoka kushuhudia. Yule bwana alitupokea vizuri sana. Alitupa stuli, akasikiliza habari yote mpaka mwisho, halafu akatuambia kwa upole kwamba yeye ni Mwigbo, na kwao na Ekiti ni mbali.

"Lakini Naijeria ni Naijeria," wifi akasema.

"Mama, wewe unajua Kihaya?"

"Nijue Kihaya kwa nini?"

"Basi," akasema yule bwana.

Njiani wifi akasema, "Ila wanafanana." Nikarudi kwenye mashine yangu, nikaapa kwamba mwalimu nitamtafuta nikiwa nimekaa.

Nilimtafuta mtandaoni. Walimu wa Kiyoruba wamejaa humo, kila mmoja na picha ya kutabasamu. Nikawaandikia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya kuwasindikiza wenzangu. Wote walijibu kwa furaha mpaka nilipotaja Ekiti. Hapo wakaanza kunionea huruma. Hakuna vitabu, mama. Hakuna anayefundisha hiyo, mama. Jifunze Kiyoruba chenyewe, kila mtu atakuelewa. Sikuwalaumu. Mtu akinitafuta kutoka Lagos nimfundishe Kimeru kwa simu, nitamwuliza kwanza kama amepimwa malaria.

Nikaanza na msichana mmoja wa Ibadan, mwenye subira ya malaika. Alinifundisha hicho chenyewe, sauti ipande hapa, ishuke pale, na mimi nafuma huku narudia, mpaka sweta moja likatoka na mkono mrefu kuliko mwenzake. Siku nilipoiva nikamsemesha mjukuu wangu. Akasimama. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kisha akamgeukia bibi yake, akasema kitu, na huko kwao wote wakacheka.

"Anasemaje?" nikamwuliza binti.

"Anauliza yule mama wa redioni amefikaje kwenye simu. Unaongea kama taarifa ya habari, Mama."

Nilijisikia vizuri kama dakika moja. Halafu nikafikiri, ni mtoto gani anayekwenda kupakatwa na msoma habari?

Baada ya hapo nikapata bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa ni mtu wa Ekiti kabisa. Kila nikimwuliza neno alikohoa, akaniambia nisubiri, akazima kipaza sauti. Siku moja akasahau kukizima. Nikamsikia akimwuliza mke wake, na mke akamjibu kwa Kiingereza kwamba na yeye hajui, aulize kwa jirani. Tuliagana kwa amani. Yule msichana wa Ibadan ndiye aliyeniokoa. Alikuwa na rafiki, rafiki ana shangazi, shangazi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi huko huko Ekiti, mji wa jirani na wa mkwe mwenzangu. Hajawahi kumfundisha mtu kwa simu. Na simu yenyewe haiamini.

Huyu mama alinifundisha kama alivyowafundisha watoto wa watu maisha yake yote. Sema. Rudia. Hapana. Rudia. Somo la kwanza lilikuwa salamu, na la pili, na la tatu. Kwao mtu hasalimiwi hivi hivi tu. Aliyeko kazini ana salamu yake, aliyetoka safari ana yake, aliyenyeshewa na mvua ana yake.

"Na aliyekaa," akasema.

"Aliyekaa ana salamu?"

"Mtu amekaa zake, utampitaje bila kumwambia pole kwa kukaa?"

Siiandiki hapa kwa sababu nitaikosea, lakini ipo. Maisha yangu yote nimetaniwa kwa kukaa, kumbe kuna watu duniani wanakupa pole kwa kazi hiyo. Nikamwambia wifi.

"Hao hawajakuona wewe," akasema. "Wangekusalimia mpaka wakaukiwe na koo."

Kisha yakaja magoti. Kwao mwanamke akimsalimia mkubwa wake hupiga goti, na mwalimu hakutaka kusikia maneno yasiyo na goti. "Mdomo peke yake ni kelele," alisema. Sasa simu yangu huwa nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, juu ya meza. Nikipiga goti, meza inanimeza.

"Uko wapi?" mwalimu akaniita.

"Nimepiga goti, mwalimu."

"Sikuoni."

"Goti lenyewe ndilo hilo."

Tulijaribu simu chini sakafuni, akaona matundu ya pua yangu na dari. Akasema nirudishe kwenye sukari.

Jumapili iliyofuata nikamsalimia mkwe mwenzangu kwa Kiekiti, na goti juu yake. Nikazama. Huko chini nikasikia mkwe mwenzangu anapiga kelele za kukataa, aa-aa, aa-aa, nikadhani anasifu. Nikashika mguu wa meza, nikapanda polepole, na nilipofika juu nikakuta jicho. Jicho moja kubwa, limejaa kioo chote. Mjukuu wangu alikuwa ameibandika sura yake kwenye simu, ananitafuta nimeangukia wapi. Aliponiona naibuka, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema neno moja, na hilo nikalielewa mwenyewe, bila binti, bila mwalimu.

Tena.

Nikazama tena. Na tena. Magoti yangu ni ya mtu anayefuma, yalilia kama bawaba kuukuu, lakini siku hiyo sikuwa na habari nayo.

Mwalimu alipoambiwa alikasirika. "Umempigia goti mama wa mume? Wewe ndiye uliyetoa binti. Yeye ndiye wa kushuka mbele yako. Umemwaibisha nyumbani kwake." Na mimi nilipaswa kujua, maana hata huku kwetu wanaokuja kuoa ndio wanaonyenyekea, na wazee wetu siku ile ya loshoro walihakikisha wananyenyekea vya kutosha. Lakini ningeachaje? Mtoto alikuwa anakuja kwenye simu kwa ajili hiyo. Kila Jumapili mkwe mwenzangu alikataa, aa-aa, na kila Jumapili nilizama, na mtoto akaleta jicho lake. Akanipa jina. Mwalimu alinitafsiria: bibi anayezama. Baadaye tukafika mbali zaidi. Nikawa namwuliza amekula nini, ananijibu viazi vikuu. Siku zote viazi vikuu. Nikamwuliza kuku wako wapi, akanionyesha. Nilianza kuamini kwamba hata mtungi unaweza kufika Ekiti.

Binti alipiga simu siku ya katikati ya wiki, nikajua kuna jambo. Vibali vya Kanada vimetoka. Wanakwenda, wote watatu.

Nikasema Bwana asifiwe, na nusu yake nilimaanisha.

"Na mtoto ataanza shule ya Kiingereza," akaniambia, kwa kunifariji. "Sasa mtaongea vizuri, Mama."

Walimchukua kwa bibi yake, wakaenda. Mwanzoni hatukuharibikiwa. Nilimsalimia kwa Kiekiti, akanijibu, nikazama, akacheka, nyuma yake theluji dirishani. Kisha kicheko kikawa kifupi. Kisha ikaja Jumapili moja, wifi yuko kwangu anachambua maharage, nikazama kama kawaida, nikapanda, nikakuta kochi tupu. Binti akamwita. Akarudi, akanisalimia kwa Kiingereza cha puani, hatazami kwenye simu. Nikamwuliza kwa Kiekiti amekula nini. Akamtazama mama yake, kumwuliza bibi anasema nini. Yale macho niliyajua. Ni yale ya mwanzo, ya kabla ya kwenda kwa kuku, na safari hii hata kuku hakuwapo.

Wifi hakunitania. Aliendelea na maharage yake. Ningeshukuru zaidi kama angenitania.

Nikamwambia mwalimu tuishie hapo.

"Kwani umeshajua?"

"Sijajua. Niliyekuwa naongea naye ameisahau lugha."

"Bibi yake hajaisahau," akasema.

Kwa hiyo Jumapili nikampigia mkwe mwenzangu, sisi wawili tu. Bila mtoto hakukuwa na wa kumshikia simu sawasawa, akaipachika mahali mbele ya kiti chake, nikawa naona kilemba, nusu ya uso, na ua nyuma yake umetulia. Salamu ninazo. Nikampa ya kazi, nikampa ya mvua ingawa sikuona mvua. Zikaisha upesi. Baada ya salamu nikagundua kwamba Kiekiti changu chote nilikishona kwa kipimo cha mtoto wa miaka minne, na sasa nataka kumvisha mwanamke mzima.

Nikamwuliza amekula nini.

Viazi vikuu, akasema.

Nikamwuliza kuku wako wapi. Akageuka akaangalia, akanionyesha.

Kisha akauliza yeye. Alitaja jina la mjukuu wetu, akagusa mdomo wake kwa kidole, na neno la kuongea nilikuwa nalijua. Alikuwa anauliza kama bado anaongea. Mwalimu hakuwahi kunifundisha kusema mtoto amesahau. Hatukuona kama tutalihitaji.

"Amekula," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Nadhani alielewa.

Ukafika wakati wa kuagana. Nikapiga goti. Nilikaa huko chini nikisubiri aa-aa yake, haikuja. Nikashika mguu wa meza nikapanda, na kwenye simu hapakuwa na mtu. Kiti cha plastiki, ukuta, basi. Nikafikiri ameondoka. Halafu nikaona ncha ya kilemba inapanda polepole kutoka chini ya kioo, na mkono umeshika kiti, na uso wa mtu ambaye magoti yake nayo yamezeeka. Alikuwa ameshuka, kama alivyopaswa kushuka tangu mwanzo. Tulikuwa wote wawili huko chini kwa wakati mmoja, kila mmoja kwake, na huku juu hapakuwa na jicho la kututafuta.

Akakaa. Nami nikakaa. Nikampa ile salamu ya aliyekaa, akanirudishia yangu. Hatukuwa na la kuongeza, na mtandao, ambao siku zote hukatika, siku hiyo haukukatika.