Boti ya Kuvukia Mbwemkuru

Mzungu aliyetuuzia ile boti alikuwa akiiosha kila Jumapili. Nilimwona tangu tulipohamia Nachingwea, nikipita na ndoo yangu kwenda bombani: ameinama na kitambaa, anafuta mbao taratibu kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Boti ilikaa juu ya tela nyuma ya nyumba yake, imefunikwa turubai, na mara chache kwa mwaka aliivuta kwa gari mpaka Lindi akavue samaki. Akirudi, anaanza tena kuiosha ili kuitoa chumvi. Sisi wanawake wa kambi ya wafanyakazi tulimcheka sana. Boti huku bara, ya nini?

Mume wangu hakucheka. Alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya karanga, na nadhani alianza kuitazama ile boti kwa jicho lingine mwaka tuliompoteza mwanetu.

Habari hiyo lazima niiseme kwanza, maana bila hiyo mtu ataona tulikuwa na wazimu. Nyumbani kwa mume wangu ni ng'ambo ya mto Mbwemkuru, ukishapita Chinongwe. Kiangazi mto ule ni mchanga mtupu. Unauvuka kwa miguu, na ukiwa na kiu unachimba kidogo tu unapata maji. Masika unakuja na miti mizima, mizizi juu. Mtumbwi ulikuwapo, ila mto ukishajaa hakuna aliyethubutu kuushusha, kwa mkondo ule na kwa mamba. Mwaka huo nilikwenda kulima kwa mama mkwe, pamoja na binti yetu wa kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kusema maneno yakaeleweka. Mvua zikatukuta huko. Mtoto akashikwa na homa, akawa anakakamaa. Tukapiga kelele kuvusha habari juu ya maji, na watu wa upande wa pili wakazipeleka mpaka zikamfikia baba yake Nachingwea.

Akaja mbio. Alipofika mtoni, mimi nilikuwa ukingo wa huku, mtoto mgongoni, yeye ukingo wa kule. Tulionana vizuri tu. Niliona hata shati alilovaa.

"Mnyanyue nimwone!" alipiga kelele.

Nikamfungua mgongoni, nikamnyanyua. Mtoto hakuwa na nguvu ya kugeuza shingo. Kesho yake asubuhi nilirudi pale pale mikono mitupu, na baba yake akaelewa. Watu wa kule walimshika asijitupe majini. Tulimzika mwanetu, baba yake yuko ng'ambo, anasubiri maji yapungue.

Hakulia. Alirudi kazini, akatengeneza matrekta, akaleta mshahara. Tukizungumza, tulizungumza habari za chumvi na sabuni.

Kisha kazi ya karanga ikaanza kupungua. Watu wakaachishwa kazi, Wazungu wakafunga mizigo, nyumba zikabaki milango wazi. Jioni moja nilikuwa napepeta mtama, akaja akasimama mbele yangu.

"Anauza," akasema.

"Nani?"

"Mwenye boti. Anarudi kwao, hawezi kuichukua."

Nikaweka ungo chini. "Tunarudi kijijini hatuna hata bati la kuezekea. Tutakula boti?"

"Mama, njoo uione tu."

Nilikwenda nikiwa nimenuna. Mume wangu aliikagua boti ile kama alivyokagua mashine zake kazini. Aligonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, akisikiliza kama kuna palipooza. Aliingiza mkono chini ya sakafu, akaunusa. Hapakuwa na unyevu. Rangi ilikuwa nzima, kamba zimekunjwa vizuri, na mashine ilikuwa imefungwa kwa blanketi safi kuliko lile tulilojifunika sisi. Wakaishusha mashine ndani ya pipa la maji, Mzungu akazungusha kamba juu yake, akavuta. Ikanguruma mara moja. Maji yakaruka nje ya pipa, kuku wa jirani wakatawanyika.

"Mimi tunza sana hii," Mzungu alisema kwa Kiswahili chake. "Rudi safari, osha. Kazi kwisha, osha. Wewe tatunza?"

"Nitaitunza, bwana."

"Nataka vua samaki?"

"Hapana, bwana. Nataka kuvuka."

Hakuelewa, wala mume wangu hakumweleza. Akatuonyesha sanduku chini ya kiti: plagi za akiba, bisibisi, kopo la kuchotea maji. Akamfundisha mume wangu namna ya kuchanganya petroli na oili. Mwisho akaipapasa boti ubavuni, akaingia ndani akafunga mlango, na siku tulipoiondoa hakutoka kutuaga.

Yote aliyokuwa nayo mume wangu yaliishia pale. Sikuuliza ni kiasi gani.

Tulipata lori la mfanyabiashara lililokuwa linakwenda Ruangwa, tukafunga tela nyuma yake. Ndani ya boti tulipakia nyumba yetu nzima: masufuria, godoro, mtungi, debe la petroli, na kuku wawili waliofungwa miguu. Dereva alikuwa ameahidi kutufikisha Chinongwe. Lakini mvua za kwanza zilikuwa zimetutangulia, na tulipofika Ruangwa aliitazama barabara ya mbele, akazima gari.

"Ndugu yangu, mimi mwisho wangu hapa."

"Tulikubaliana Chinongwe," mume wangu akasema.

"Tulikubaliana juani. Lori si langu. Likizama kule, mimi ndiye nitakayekosa kazi."

Mume wangu alimshika mkono, akamsihi kama mtu anayeomba asinyongwe. Dereva aliinamisha kichwa, akafungua tela, akaondoka.

Huko kwetu ng'ombe hawakai kwa sababu ya ndorobo, kwa hiyo hapakuwa na mnyama wa kuvuta. Tulipata wanaume wa kukodi, wakafunga kamba, wakavuta wao. Siku ya kwanza walivuta wakiimba na kutania kwamba wanapeleka meli Chinongwe. Mvua iliponyesha tena, mmoja aliaga, akafuatwa na mwingine. Sikuwalaumu. Mvua ya kwanza ikishanyesha kila mtu anataka mbegu zake ziwe ardhini, na hakuna mtoto atakayeshibishwa na boti ya mwingine. Waliobaki walitembea kimya, matope yakiwafika magotini. Kabla hatujafika Chinongwe, gurudumu moja liliingia shimoni, chuma cha chini kikalia, kikakatika. Tela likalala ubavu. Mtungi wangu ukapasuka, na debe la unga likamwagika matopeni.

Wale wanaume walizunguka tela, wakainama, wakatazama. "Pole sana, fundi," mmoja akasema. Wakachukua kamba zao.

Tukabaki wawili. Watu waliokuwa wanapita walituambia mto umeshaanza kuleta maji. Mume wangu aliposikia hivyo alivua shati, akaingia chini ya boti, akaweka bega.

"Shika huko," akaniambia.

"Hatuiwezi."

"Shika!"

Nikashika. Tulisukuma. Boti haikutikisika hata kidogo. Akasukuma tena, miguu ikiteleza, mishipa ya shingo imemsimama, akasukuma mpaka akatapika. Nikamvuta mkono.

"Inatosha, baba. Tuiache. Twende nyumbani kwa miguu, kama mto bado unapitika."

"Nikamwambie nini?" akasema. "Nikifika pale kaburini, nikamwambie nini?"

Hapo ndipo alipolia. Alikaa matopeni, mgongo kwenye boti, akalia kwa sauti bila kujificha uso, mwanaume mzima, mvua inamnyeshea. Mimi nilisimama. Machozi yangu yalikuwa yamekwisha zamani, na niliona kwamba sasa tumekwisha pia: hatuna kazi, hatuna chakula, na mtu aliyekuwa nguzo yangu amevunjika mbele yangu njiani.

Ilikuwa Ijumaa. Wanaume waliotoka kuswali walikuja wakipita kwa makundi, wakasimama kushangaa boti. Mmoja wao, mtu mnene mwenye sauti ya chini, alimtazama mume wangu kwa muda.

"Si wewe uliyesimama mtoni, mwaka ule wa mtoto?"

Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

"Mimi ndiye niliyekukamata kiunoni." Akaigeukia boti, akaitazama tangu mbele hata nyuma. "Na hii ndiyo ya kuvukia?"

"Ndiyo."

Yule mtu hakuuliza zaidi. Aliwaita wenzake. Wengine walikwenda kukata miti, wengine wakatoa mizigo yetu na kuifungua mashine, wakajitwika. Wakaifunga boti juu ya ile miti, wakahesabu, wakainyanyua. Hawakuipeleka kama watu wanavyobeba mzigo. Waliipeleka kama jeneza: wa mbele anapochoka, wa nyuma yake anaingiza bega, yeye anatoka pembeni, na mwendo hausimami. Tuliokutana nao njiani walisogea na kuvua kofia, wakidhani ni maiti, hadi walipoona ubao wenye rangi. Mwanamke hafuati jeneza, lakini siku ile nilifuata, debe la petroli kichwani, na katika moyo wangu nilikuwa nazika.

Tulifika mtoni alasiri. Maji yalikuwa yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, mekundu, yanazunguka. Upande wa pili palikuwa na watu wengi. Nilidhani wamekuja kutupokea. Kisha nikaona kitanda chini, na watu wameinama juu yake, mmoja ameshika mwavuli.

Sauti ikatufikia vipande vipande. Mwanamke. Uchungu. Tangu jana.

Mume wangu alifunga mashine nyuma ya boti. Watu wa Chinongwe waliishikilia boti kwa kamba. Akazungusha kamba ya mashine, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Mashine ilikohoa tu. Alivuta mpaka viganja vikachubuka. Ng'ambo walikuwa wanapunga nguo, wanatuita, na mimi nilijua kabisa yale waliyokuwa wanayaona: mtu amesimama ukingo wa pili, hawezi kitu.

"Jamani, muda unakwenda," mtu akasema.

Mume wangu aliacha kuvuta. Akashusha pumzi, akafungua plagi, akaitazama. Ilikuwa imelowa. Akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka, nikampa pindo la kanga yangu, akaifuta, akaipuliza, kisha akaitupa na kuchukua mpya sandukuni. Akavuta. Mashine ikanguruma.

Waliachia kamba. Mkondo uliikamata boti papo hapo, ukaipeleka chini kwa kasi hata nikadhani imekwenda. Nilifumba macho. Nilipofumbua, alikuwa katikati, ameielekeza pua juu ya mto, gogo likimpita pembeni. Alifika mbali chini ya pale alipokusudia, na watu walimkimbilia na kitanda mabegani. Aliporudi, yule mwanamke alikuwa amelala sakafuni mwa boti, kichwa mapajani mwa mama yake, midomo myeupe. Alikuwa jirani yetu, aliyeolewa baada yangu. Watu wa Chinongwe, walioibeba boti tangu adhuhuri bila kula, walimlaza tena kwenye kile kitanda, kilichopakiwa nyuma yake, wakaondoka nacho kuelekea hospitali ya misheni. Yule mnene alitangulia.

Mume wangu hakushuka. "Panda," akaniambia.

Sikutaka. Alisubiri, ameshika mti wa ukingoni, mashine ikinguruma, hadi nikaingia na kuku wangu na kukaa chini sakafuni, palipokuwa bado na damu ya yule mwanamke.

Mama mkwe alitupokea majini, nguo imemlowa. "Umefika, mwanangu," akamwambia. "Umechelewa."

"Najua, mama."

Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakiweka begani kwake. Mimi nikaanza kushusha masufuria.

Habari kutoka hospitali zilichukua siku kadhaa kutufikia. Mwanamke amepona, mtoto hakuishi. Mume wangu alisikia, akaenda kuiosha boti. Mimi nilichukua unga kidogo uliobaki, nikaenda kukaa na wale waliofiwa. Mama yake yule mwanamke, aliyekuwa amerudi kutoka hospitali, aliponiona aliniachia nafasi kwenye mkeka, nikakaa. Niliinuka jua likiwa limezama.