Jumamosi za Tluway kwa Fundi Gurdev

Ukimuuliza Tluway wa Gendabi ni siku gani inayomchosha, hatakutajia siku ya kulima wala siku ya kupeleka ng'ombe kwenye josho. Atakutajia Jumamosi, siku ambayo hashiki jembe, kazi yake ni kukaa kwenye kiti na kucheza karata. Watu walimcheka sana. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mgongo umekwisha, magoti yanamlilia, anadamka alfajiri kuiwahi pikapu ya Joakimu mpaka Katesh, eti akacheze karata! Mkewe Gaudensia alishachoka kuuliza. Alimfungia viazi vitamu kwenye kitambaa, akamwambia amsalimie fundi.

Fundi mwenyewe ni Gurdev, Singasinga mzee, zamani mkuu wa karakana kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Tluway aliingia pale kufagia, akatoka fundi wa injini, na katikati yake kuna miaka kumi na tisa. Gurdev alikuwa mkali, nisikufiche. Ukimletea kipimo cha kukisia anakurudisha ukapime upya, hata kama wenzako wameshanawa mikono wanakula. Alikuwa na neno lake moja: chuma hakitaki huruma, kinataka kipimo. Vijana walimchukia mpaka walipokwenda kufanya kazi kwingine, ndipo wakaanza kumsifu.

Saa ya chakula alikuwa mtu mwingine. Alifunika pipa la oili kwa ubao, akatoa karata, akawafundisha mchezo wa kwao Uhindini. Unaitwa sipu. Karata zinalala mezani wazi, na wewe unazikamata kwa ulizo nazo mkononi: ukiwa na kumi, unaikamata kumi, au nne na sita zikiwa pamoja. Ghulamu anahesabiwa kumi na moja, bibi kumi na mbili, mfalme kumi na tatu. Shupaza zote zina pointi, kila moja kadiri ya namba yake, na kila ree ina yake moja, na kumi ya uru ina sita. Ukifagia meza nzima kwa karata moja, hiyo ndiyo sipu yenyewe, unapata hamsini. Mchezo hauishi mpaka mmoja amwache mwenzake kwa mia.

Halafu kuna nyumba. Unaweza kuweka karata yako juu ya iliyo mezani, ukazijumlisha mbili hizo, ukatangaza namba, kuanzia tisa mpaka kumi na tatu, ili uje kuzizoa baadaye. Lakini sharti uwe nayo mkononi karata ya namba hiyo. Kutangaza kumi na tatu huku huna mfalme ni wizi, na pale karakana aliyefanya hivyo alinyimwa kiti wiki nzima.

Basi ikaja ruksa, kila kitu kikawa cha biashara, na mashamba yakaanza kufa. Matrekta yakauzwa, watu wakaambiwa waende kwao. Tluway akarudi Gendabi kwenye mahindi na maharage. Gurdev akafungua gereji ndogo hapo Katesh. Mkewe akafariki, watoto wakamwita Kanada, akakataa. Alisema atakwenda kufanya nini huko, kuangalia theluji? Na mwaka ule tulipoambiwa sasa sisi si Arusha tena, ni mkoa wa Manyara, macho ya Gurdev yakazima kabisa. Gereji ikafungwa. Akabaki na chumba kimoja, mama wa kumpikia, redio, na zile karata.

Tluway alizichukua karata zote hamsini na mbili, akazikata mikato midogo pembeni kwa wembe, kila moja alama yake. Vidole vya mzee vilivyokuwa vikitafuta ufa kwenye pistoni vilijifunza alama hizo kwa siku mbili. Za mezani Tluway alimtajia kwa sauti, na kila moja aliiwekea nati juu, maana upepo wa Katesh unaujua mwenyewe, hauombi ruhusa kuingia. Wakacheza kama zamani. Mzee akishindwa alinuna, hali viazi, hasemi kwaheri. Akishinda alikula vyote na kudai vingine.

Ila kulikuwa na jambo moja. Kipofu hajui karata zake anazielekeza wapi. Gurdev alizishika zimelala, wazi kabisa, kama mtu anayekuonyesha picha za harusi. Tluway hakumwambia, aliona aibu kumwambia. Alikigeuza kiti chake upande, akawa anatazama ukuta kwenye kalenda ya zamani ya matairi, na alicheza hivyo karibu mwaka mzima shingo ikimuuma.

Halafu alichoka, na simlaumu sana. Mvua zilikatika mapema, Gaudensia akavimba mguu, akawa hawezi hata kuteka maji, kazi zote zikamwangukia yeye. Mchezo wa haki na mzee yule ulikuwa unakwenda mpaka jioni, na pikapu ya Joakimu inaondoka saa nane. Ukiikosa, ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Na kumwona mzee amenuna, viazi vimepoa mbele yake, kulimuuma kuliko shingo. Basi Jumamosi moja akakigeuza kiti. Akazitazama karata za mzee, akamtupia mezani zile tu ambazo mzee angeweza kuzikamata. Saa saba mchezo ulikuwa umekwisha. Gurdev alishinda, akala viazi, na Tluway akaiwahi pikapu.

Unafikiri aliishia hapo? Wiki iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Miezi mitatu. Kila akirudi alijiambia Jumamosi ijayo atatazama ukuta. Alijisikia vibaya, lakini uchovu una maneno matamu. Kilichomtisha ni kitu kimoja tu: mzee asije akajua. Katika dunia hii Gurdev ndiye mtu pekee aliyewahi kumwambia kazi yake ni safi, na hakuisema bure.

Jumamosi ninayoisema alifika akamwamkia, "Shikamoo, fundi," mzee akaitikia marahaba, wakagawa. Mezani kulikuwa na karata ya tano. Tluway alitupa jicho kama kawaida: mzee ana bibi, ana nane, ana tatu, ana mbili, mfalme hata mmoja hana. Gurdev akapapasa, akaichomoa nane, akaiweka juu ya tano.

"Kumi na tatu," akatangaza.

Tluway aliona mara moja kilichotokea: mzee amekosea, vidole vimeisoma bibi kama mfalme. Akamhurumia. Hata hakufikiri, mdomo ulitangulia.

"Fundi, hiyo ni bibi. Mfalme huna."

Gurdev akazilaza karata zake mezani kifudifudi, polepole. Nje mtu alikuwa anapigia mbuzi kelele. Tluway alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, akajua amekwisha.

"Najua ni bibi," mzee akasema. "Wewe umejuaje?"

Alitazama nati, akatazama kalenda. Akaeleza yote, bila mpangilio, mguu wa Gaudensia, pikapu, viazi. Akasema alitaka tu mzee afurahi. Alipomaliza, yeye mtu mzima machozi yalimlengalenga.

Mzee akasema wiki kumi na mbili alikuwa anahesabu. Mtu mwenye macho mawili, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, ashindwe na kipofu wiki kumi na mbili mfululizo? Alifikiri labda Tluway anaumwa. Ndipo akaamua kumpima kwa mfalme asiyekuwepo.

"Nikishindwa nanuna," akasema. "Kununa ni haki yangu, Tluway. Umeninyang'anya hata hiyo."

Tluway akasimama aondoke. Aliamini kweli kwamba ameambiwa aondoke. Mzee akagonga meza kwa kidole, kama alivyokuwa akigonga injini iliyofungwa vibaya, akamwambia afungue, apime upya.

Tluway akakaa. Akakigeuza kiti kuelekea ukutani, akachanganya karata, akagawa. Saa nane honi ya Joakimu ikalia barabarani, mara mbili, halafu ikanyamaza, na hakuna aliyeitaja. Walicheza taratibu. Mzee alicheza vizuri, wallahi, alikumbuka kila shupaza imelala wapi. Lakini mara moja alikosea, akaiacha meza na ree moja tu, na Tluway alikuwa na ree. Akaipiga meza: sipu. Baadaye mezani zikabaki nne na sita, na mkononi Tluway alikuwa na kumi ya uru. Aliishika karata ile muda mrefu. Hamsini nyingine ingemzika mzee moja kwa moja, na mchezo ungekuwa umekwisha hapo.

"Sipu," akasema.

Gurdev alizihesabu karata mwenyewe, moja moja, kwa vidole, za kwake na za Tluway. Ilichukua muda. Alishindwa kwa mia moja na kumi na mbili. Tluway alisubiri anune.

Mzee akavuta kitambaa, akakifungua, akachukua kiazi kilichopoa.

"Miezi mitatu nakaa humu peke yangu," akasema, akitafuna. "Leo umekuja."

Tluway alitembea saa tatu mpaka Gendabi, vumbi usoni, magoti yakilia njia nzima. Gaudensia alikuwa mlangoni na mguu wake ameuweka juu ya kigoda, akamuuliza fundi hajambo. Akasema hajambo, nimempiga vibaya sana, Jumamosi anataka marudiano. Halafu akavua viatu, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.